Wastani wa mtandao unavyoficha shida za milimani Same

DESEMBA 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL) lilifikisha intaneti ya kasi katika kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Lilikuwa jambo la fahari kwa Mkoa wa Kilimanjaro. Hata hivyo, katika mkoa huohuo ipo Wilaya ya Same, ambako swali la mwananchi wa milimani ni dogo zaidi: je, leo mtandao upo katika ofisi anayoiendea?

Swali hilo lina uzito. Tangu mwaka 2017 malipo ya Serikali yamekuwa yakipita katika mfumo wa kielektroniki wa GePG, ambao humpatia mlipaji namba maalumu ya malipo. Mtandao ukikatika, namba haitoki, na mwananchi hurudi nyumbani akiwa amepoteza nauli na siku yake.

Taasisi yenye ofisi nyingi hupima hali hii kwa taarifa ya upatikanaji wa mtandao. Seva iliyopo makao makuu hutuma ujumbe mfupi kwa kila ofisi, tuseme kila baada ya dakika tano, na kuhesabu majibu. Programu kama Nagios na Zabbix hufanya kazi hiyo usiku na mchana, na mwisho wa mwezi hutoa asilimia. Tatizo haliko katika programu, bali katika namna asilimia hizo zinavyosomwa.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Taasisi ina ofisi kumi. Tisa ziko Same mjini na kandokando ya barabara kuu, kama vile Makanya na Hedaru, na moja iko juu milimani. Zile tisa zikipata mtandao kwa asilimia 100, na ile ya milimani kwa asilimia 50 tu, wastani utakuwa asilimia 95. Mkuu atakayesoma ukurasa wa kwanza ataridhika. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo.

Hata asilimia 99 inahitaji kuchunguzwa. Mwezi wa siku 30 una saa 720, na asilimia moja yake ni saa saba na dakika 12. Mtandao ukikatika kwa muda huo usiku, wengi hawatajua. Ukikatika kuanzia saa mbili asubuhi, karibu siku nzima ya kazi imepotea.

Jiografia nayo huongeza ugumu. Milima ya Upare, ambayo kilele chake cha Shengena kina mita 2,463, huzuia mawimbi ya redio, hivyo mawasiliano hulazimika kupokezanwa mnara kwa mnara. Iwapo minara mitatu inategemeana, na kila mmoja hufanya kazi kwa asilimia 99, ofisi ya mwisho hubaki na asilimia 97, yaani hukosa mtandao kwa takriban saa 21 kwa mwezi. Mvua zikinyesha, fundi naye huchelewa kufika. Wakazi wa Mamba Miamba hawajasahau maporomoko ya udongo ya Novemba 2009 yaliyoua watu.

Jambo jingine ni chanzo. Umeme ukikatika na ruta ikazimika, taarifa huandika tu kwamba ofisi haikupatikana. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ilizorota nchini na katika nchi jirani, na hakuna fundi wa Same ambaye angeweza kulitatua tatizo hilo. Tatizo la umeme linahitaji betri au sola, la mnara linahitaji mtoa huduma abanwe kwa mujibu wa mkataba, na la nyaya za baharini linahitaji njia mbadala. Anayepanga bajeti bila kujua chanzo atanunua kisichohitajika.

Ni kweli kwamba Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) husimamia ubora wa huduma za kampuni za simu. Lakini kusimamia mkataba wa taasisi na mtoa huduma wake ni wajibu wa taasisi yenyewe. Wakati umefika kwa taarifa hizi kuitaja kila ofisi peke yake, kutenganisha saa za kazi na za usiku, na kuonyesha chanzo cha kila hitilafu. Diwani wa kata ya milimani akipewa taarifa ya namna hiyo, ataweza kuhoji kikaoni kwa takwimu badala ya kunung'unika.