Mambasa: Katika katuni ya The Simpsons, pipa la bia litangulie treni

Kwenye vibanda vya kuchaji simu mjini Mambasa, ambako vijana hunakili filamu kwenye kadi za simu, ubishi juu ya katuni ya Kimarekani The Simpsons hauishi. Msimu wa nne, ulioonyeshwa Marekani kuanzia Septemba 1992 hadi Mei 1993, una sehemu 22, na kila mpenzi ana yake anayoiweka juu. Walio wengi wanaitanguliza ile ya treni. Wanakosea, na kosa lao si dogo kwa watu wa teritwari hii.

Kwanza, wazee wanaosema katuni ni mambo ya watoto wanyamaze kidogo. Hii iliandikwa kwa ajili ya watu wazima. Ndani yake kuna baba mpenda bia, tajiri mwenye kinu cha nyuklia, sendika ya wafanyakazi, kanisa na meya asiyeaminika. Mtoto anaona watu wa rangi ya manjano. Mzazi anaona kartie yake.

Sehemu ya treni, "Marge vs. the Monorail", iliandikwa na Conan O'Brien na ilionyeshwa tarehe 14 Januari 1993. Tajiri Burns anatozwa faini ya dola milioni 3 kwa kutupa taka za sumu. Mama Marge anaomba pesa hizo zitengeneze barabara kuu ya mji, iliyojaa mashimo. Watu wanakaribia kukubali. Anatokea mgeni mwenye ulimi mtamu, anawaimbia, na mkutano mzima unaamua kununua treni ya reli moja. Barabara inabaki na mashimo yake. Mtu aliyewahi kulala njiani kwenye matope ya barabara ya taifa nambari 4 hahitaji kufafanuliwa.

Inachekesha, hakuna anayekataa. Lakini inaishaje? Treni inakosa breki, na inasimama tu kwa sababu nanga imenasa kwenye donati kubwa ya matangazo. Ni bahati. Marge peke yake ndiye aliyefuatilia habari za yule mgeni. Wengine wote ni kundi la wajinga hadi mwisho. Anayeiweka namba moja anakubali kwamba raia hudanganywa daima, na kwamba dawa yao ni kusubiri bahati. Familia iliyokimbia Irumu au Babila-Babombi ikiwa na kigodoro na sufuria moja haina haja ya somo hilo.

Namba moja ni "Last Exit to Springfield", ya tarehe 11 Machi 1993, iliyoandikwa na Jay Kogen na Wallace Wolodarsky. Burns anataka kufuta matibabu ya meno katika mkataba wa wafanyakazi wake. Badala yake anawapa pipa moja la bia. Watu wanashangilia na kukimbilia bia, Homer naye yumo. Ghafla kichwani mwake yanagongana maneno mawili: matibabu ya meno, na sauti ya mke wake ikisema binti yao Lisa anahitaji waya za kunyoosha meno. Anapiga hesabu. Bia hii, kumbe, atailipa yeye mwenyewe. Anasimama na kuwaambia wenzake wanachokiuza. Wanamchagua kiongozi, wanagoma. Burns anakata umeme wa mji mzima. Wao wanaendelea kuimba gizani mpaka anasalimu amri.

Wapinzani watasema Homer si shujaa, aliwaza mfuko wake tu. Ni kweli, na hapo ndipo ilipo nguvu ya sehemu hiyo. Haikumpasa awe msomi wala mtakatifu. Ilimtosha kukumbuka meno ya mtoto wake kabla kikombe hakijajaa.

Mambasa ni nchi ya msitu na dhahabu. Sheria ya misitu ya mwaka 2002 inataka kampuni ya mbao ikubaliane na wakaaji juu ya kazi za maendeleo itakazofanya. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inadai daftari la masharti, cahier des charges kama wengi wanavyoliita, na tena angalau asilimia 0.3 ya mauzo iende kwa wakaaji. Lakini mwaka 2007 shirika la Greenpeace lilichapisha ripoti juu ya misitu ya Kongo, ikieleza jinsi jamii zilivyoachia msitu wao kwa zawadi za chumvi, mapanga na makasha ya bia. Nani basi aseme kwamba pipa la Burns ni kichekesho cha Wamarekani?

Namba mbili ni "Whacking Day". Kila mwaka mji mzima unatoka na fimbo kuua nyoka, ukiamini ni desturi njema ya wakale. Kumbe ilianzishwa mwaka 1924 kama kisingizio cha kuwapiga watu wa asili ya Ireland. Katika Ituri, ambako watu wamefukuzwa makwao kwa jina la kabila, sehemu hii haihitaji mtafsiri.

Namba tatu ni "Homer the Heretic". Homer anasusia kanisa, nyumba inashika moto, na anayemtoa ndani ni Flanders, jirani mlokole aliyekuwa akimkimbia. Kati ya wazima moto yumo Apu wa dini ya Kihindu na Krusty Myahudi. Familia zilizopokea wakimbizi wa ndani bila kuuliza wanasali wapi zinajua jambo hilo tangu zamani.

Treni ipewe nafasi ya nne, na ishukuru. Ya mwisho kabisa ni "So It's Come to This", ya tarehe 1 Aprili 1993, kwa sehemu kubwa vipande vya zamani vilivyounganishwa upya. Hotuba za namna hiyo Mambasa imezisikia za kutosha.

Wapenzi wa treni wanaruhusiwa kuendelea kucheka. Ila siku watakapoitwa kwenye mkutano, na karatasi iko mezani na bia iko chini ya mti, wafanye kama Homer: kwanza wasome karatasi, na waulize ni meno ya mtoto gani yanayouzwa.