Yoga si Anasa ya Watalii

Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya". Wananchi walikusanyika vikundi vikundi kusikiliza redio, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Maradhi, mmoja wa maadui watatu wa Taifa, leo yanatujia kwa sura nyingine pia: shinikizo la damu, kisukari na msongo wa mawazo. Haya hayafukuzwi kwa jembe.

Kwa sababu hiyo twapenda kuwaelekeza wananchi kwenye yoga, elimu ya kale ya Bara Hindi ya kunyoosha viungo, kuitawala pumzi na kutuliza fikra. Desemba 2014 Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga. Uchunguzi wa waganga umeonyesha kuwa mwenye kudumu nayo aweza kupata nafuu ya maumivu ya mgongo, shinikizo la damu likashuka kiasi, na wasiwasi ukapungua. Hapana muujiza hapo: pumzi ivutwayo polepole hutuliza mapigo ya moyo, na misuli iliyokazana hulegea.

Wako wasemao kuwa hayo ni mambo ya watalii katika hoteli za pwani. Hatukubaliani nao. Yoga haidai mashine wala kiwanja. Mkeka na robo saa vyatosha kuanzia. Karani ainamaye mezani kutwa na mama ajitwikaye ndoo za maji wanaihitaji zaidi ya mtalii.

Wako pia wanaochelea dini yao, na hoja yao haifai kubezwa. Lakini maulamaa wa Indonesia, katika fatwa yao ya mwaka 2009, walikataza yoga iliyochanganywa na ibada za Kihindu; mazoezi matupu ya viungo hawakuyaharamisha. Nayo Saudi Arabia iliitambua kuwa mchezo mwaka 2017.

Hata hivyo yoga si badala ya dawa. Mgonjwa asiache vidonge vyake, na mja mzito amwone kwanza mganga.

Tunatoa wito kwa shule, viwanda na matawi ya Chama: tengeni robo saa, tafuteni mwalimu anayeijua kazi yake, muanze. Mwili ni amana, na Taifa halijengwi na watu waliochoka kabla ya kazi.