Nani Awakaguaye Walezi wa Likizo?

Kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kilipopiga marufuku masomo ya likizo nchini Kenya, kilimrudishia mtoto haki yake ya kupumzika, jambo ambalo kila mpenda watoto alipaswa kulishukuru. Ila hakikumpa mzazi wake likizo, na mama mwenye meza ya mboga Marikiti, au baba afanyaye kazi ya zamu bandarini Kilindini, hana budi Agosti ikifika kumwacha mwanawe mahali, na mahali hapo, kwa wale ambao bibi yuko mbali, aghalabu huwa ni klabu ya likizo iliyofunguliwa katika ua wa nyumba au ukumbi wa kukodi, yenye bango la rangi langoni na ada ya wiki itozwayo kabla.

Nionavyo mimi, yeyote apokeaye watoto wa watu kwa ujira sharti aandikishwe na kukaguliwa bila ya kupashwa habari, na mkaguzi aanze na watu kabla ya kuta. Atake kuona cheti cha mwenendo mwema cha kila mtu mzima ashindaye pale, akiwamo mpishi, bawabu na dereva. Alifungue daftari la langoni atazame kama jina la aliyemchukua mtoto jana jioni limeandikwa pamoja na saa na sahihi, au kama ukurasa umeachwa mtupu tangu Jumatatu. Aingie chooni alijaribu komeo la mlango. Amwulize mlezi, pale pale, ni mtoto yupi mwenye pumu na dawa yake imewekwa wapi. Na iwapo watoto hupelekwa kuogelea, aonyeshwe ni nani akaaye ukingoni kuwahesabu, asiye na kazi nyingine yoyote.

Uingereza, kwa Sheria ya Malezi ya Watoto ya 2006, mlezi wa kulipwa akaaye na watoto wasiotimiza miaka minane kwa zaidi ya saa mbili kwa siku, kwa kawaida hulazimika kujiandikisha kwa Ofsted, idara ya serikali ikaguayo shule na malezi ya watoto. Akiwa na wakubwa zaidi, kujiandikisha ni hiari yake. Hapo siwafuati, kwani bahari haimbagui mtoto wa miaka tisa.

Kwetu mamlaka yapo: Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi serikali za kaunti vituo vya malezi ya watoto. Najua kuna wanawake wenye klabu ndogo, waaminifu kabisa, wanaohofu kwamba ukaguzi utageuka mlango wa hongo na faini, na hofu yao ina msingi. Basi kaunti iandikishe bure, iwape muhula mmoja wa kufundishwa huduma ya kwanza na utunzaji wa madaftari, lakini katika cheti cha mwenendo mwema na ulinzi wa majini isimpe yeyote muhula hata wa siku moja; na orodha ya walioandikishwa ibandikwe katika ofisi za machifu na zahanati kabla ya likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, mzazi aisome kabla ya kutoa ada.