Mashine Si Mbovu, Tuisikilize Kwanza
Wadau wa muziki hapa chuoni, tuache kuchangishana hela ya mashine mpya kila mashine ya ngoma inapopishana na sikwensa. Mara nyingi mashine ni nzima kabisa; sisi ndio hatujasikiliza inakosea vipi.

Zikianza pamoja kisha zikaachana polepole, kila moja inafuata saa yake. Chagueni kiongozi mmoja, nyingine iwekwe ifuate saa ya nje. Korg ya zamani ikiifuata Roland ya zamani kwa nusu ya kasi, hesabu zimegongana: Roland hutuma mapigo 24 kwa robo noti, Korg husubiri 48. Na noti zikichelewa pale tu zinapolia nyingi kwa pamoja, waya wa MIDI umejaa. Noti hupita moja moja, kila moja kama milisekunde moja. Punguza msongamano.

Tunaosomea ualimu tunajua: kumpa mwanafunzi sifuri bila kuangalia alikosea wapi si kufundisha. Basi badilisha kitu kimoja, sikiliza, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha vitano kwa mpigo, hata ikipona hutajua dawa ilikuwa ipi, na mwezi ujao mchango utapita tena.