Kijana mkubwa wa Montréal: tumpime vizuri kabla ya kusema hafai

Leo naomba tuongee juu ya mchezo ambao kwetu hauchezwi: hoki ya barafu. Barafu sisi tunaijua katika friji ya duka, na ile kubwa iko mbali juu ya Ruwenzori. Lakini Wakongomani wengi wanaishi Montréal, kule Kanada, na huko watu wanabishana juu ya hoki kama sisi tunavyobishana juu ya Mazembe na Vita Club. Ndugu yangu aliye huko alikuwa akinipigia simu na kulalamika juu ya kijana mmoja, Juraj Slafkovský. "Yule mkubwa hafai," alisema. Baada ya mwaka mmoja alibadilisha maneno. Mimi nasema alihukumu haraka, na kosa hilo sisi pia tunalifanya kila siku hapa nyumbani.

Kwanza tuelewe mchezo. Kila ekipe inaweka watu 6, kipa akiwa ndani. Wanavaa viatu vyenye chuma chembamba chini, na kwa magongo wanasukuma kisahani cheusi cha mpira mgumu. Kuna vipindi 3 vya dakika 20. Mbio ni kali sana, hata mchezaji anakaa kwenye barafu kwa muda wa dakika moja hivi, kisha mwenzake anaingia. Kumgonga kwa bega mwenye kisahani kunaruhusiwa. Mshambuliaji anahesabiwa pointi moja akifunga, na pointi moja akitoa pasi iliyozaa goli.

Slafkovský alizaliwa mwaka 2004 huko Košice, Slovakia. Akiwa bado mtoto aliacha nyumbani akaenda kucheza Ufini. Mwezi wa pili 2022, katika Michezo ya Olimpiki ya Beijing, alikuwa na miaka 17 tu, naye alifunga magoli 7 katika mechi 7. Nchi yake ilipata medali ya shaba, yeye akatajwa mchezaji bora wa mashindano. Mwezi wa saba mwaka ule ule, Montréal ilimchagua wa kwanza kati ya vijana wote wa mwaka huo. Watu wengi walikuwa wakimngojea Mkanada, Shane Wright, ambaye mwishoni alichaguliwa wa 4. Kwa hiyo kijana alianza kazi akiwa tayari na deni kwa watu.

Nguvu zake ni zipi? Ya kwanza inaonekana hata kwa asiyejua mchezo: mwili. Ana urefu wa mita 1.91 hivi na uzito unaopita kilo 100. Akigeuza mgongo na kuficha kisahani, kumnyang'anya ni kazi. Ya pili wengi hawaisemi: anaona wenzake. Katika msimu wake wa pili alipata pointi 50, na 30 kati ya hizo zilikuwa pasi. Mtu mwenye mwili ule angeweza kupita kwa kusukuma tu, lakini yeye anatafuta mwenzake aliye huru.

Udhaifu nao ulikuwepo, tusiufiche. Msimu wa kwanza aliteleza huku akiangalia chini, kwenye kisahani, na wapinzani wakamgonga vibaya mara kwa mara. Alikuwa akisita kupiga langoni. Alicheza mechi 39 tu, akafunga magoli 4, kisha mwezi wa kwanza 2023 akaumia na msimu ukaishia hapo. Ndipo ndugu yangu aliposema hafai.

Lakini angalia kilichofuata. Mwishoni mwa 2023 kocha alimweka pembeni ya Nick Suzuki na Cole Caufield, washambuliaji wazuri kuliko wote wa ekipe. Kijana alifunga magoli 20 msimu ule, mengi yakija baada ya Mwaka Mpya. Alikuwa amejifunza kuinua kichwa. Mwezi wa saba 2024 ekipe ilimpa mkataba wa miaka 8, dola milioni 7.6 kwa mwaka. Msimu uliofuata alifunga magoli 18 na kufikisha pointi 51.

Mtu atasema: kwa pesa hizo, magoli 18 ni machache. Nakubali. Hapo ndipo naona udhaifu uliobaki, na mwili hauhusiki. Misimu miwili mfululizo alianza polepole, akangoja mwaka ugeuke ndipo aamke. Mwenye nguvu kama zile hapaswi kungoja mchezo umfuate. Aingie mbele ya lango, apokee mapigo, apige. Hilo aambiwe waziwazi, bila kumbembeleza. Lakini kumwambia "anza mapema" ni neno moja, na kumwambia "hufai" ni neno lingine kabisa. La kwanza linampa kazi ya kufanya. La pili linamfungia mlango.

Kocha wake, Martin St. Louis, anajua jambo hilo kuliko mtu yeyote. Yeye ana urefu wa mita 1.73 tu, na alipokuwa kijana hakuna ekipe hata moja iliyomchagua. Mwaka 2004 alibeba Kombe la Stanley na Tampa Bay, akatajwa pia mchezaji bora wa ligi. Mmoja alionekana mfupi mno, mwingine alitazamiwa makubwa kwa sababu ya ukubwa wake. Wote wawili walipimwa kwa macho kabla ya kupimwa kwa kazi.

Na tusisahau mtoto wetu, Bokondji Imama, aliyezaliwa Montréal mwaka 1996 na wazazi Wakongomani. Alichaguliwa mwaka 2015, lakini katika duru ya 6. Wengi walimjua kwa ngumi, maana katika hoki kupigana kunatokea na aliyepigana anatolewa nje dakika 5 tu. Hata hivyo, msimu wa 2016–17 katika ligi ya vijana ya Québec, mikono ile ile ilifunga magoli 41. Ligi kuu aliifikia mwaka 2022, akiwa na miaka 25. Jina la mpiganaji lilimtangulia kila mahali alipoingia.

Sasa nirudi kwetu. Mtoto amehama na wazazi wake, amefika mji asioujua, ameingia darasa lenye watoto wengi, labda hata buku hana. Buletini ya kwanza inatoka, alama ni mbaya, na sisi tunasema: huyu ni mzito. Kijana mwingine anakuja kwenye kiwanja chetu cha mawe ya volkano, anacheza vibaya mechi mbili, na tunamtoa kwenye orodha. Hatukuuliza kama alikula. Hatukuuliza tulimweka kucheza na nani.

Ombi langu kwa wazazi, walimu na makocha ni hili. Kabla ya kutoa hukumu juu ya kijana, andikeni mambo matatu: anachokiweza, anachokosa na kinaweza kufundishwa, na watu tuliomweka pembeni yao. Halafu mpeni muda, na mwambieni ukweli wa udhaifu wake. Slafkovský alipewa kocha mvumilivu na wenzake wazuri. Watoto wetu hawahitaji barafu. Wanahitaji mtu wa kuwaangalia mara ya pili.