Ramani ya Rwenzori Ianzie Mtoni

Ramani za milima ya Rwenzori bado zinafuata nyayo za mwanamfalme Luigi Amedeo wa Italia. Mwaka 1906 alipanda na wapimaji, waongozaji na msururu wa wapagazi, kila mmoja akivizia mawingu yafunguke. Tuwape haki yao: kilele cha Margherita walikipa mita 5,125, na leo tunasema 5,109. Kwa vyombo vya siku zile, hiyo ni shabaha ya kutamanika.

Ila walikuwa watu wa kutafuta vilele. Huko juu majabali mengi yakapewa majina ya malkia au wapelelezi wa Ulaya: Margherita, Alexandra, Stanley, Speke, Baker. Barafu ya wakati huo ilikadiriwa kilomita za mraba 6.5, kufikia 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja. Mpandaji mwenye karatasi ya zamani hukuta mwamba mtupu pale ramani inapomwahidi barafu.

Hasara hiyo imeandikwa sana. Mimi nina wasiwasi na mahali pengine, chini zaidi, ambako mto Nyamwamba unashuka kuelekea Kilembe na Kasese, upande wa Uganda. Mei 1, 2013 ulifurika, ukabingirisha mawe makubwa hadi kwenye makazi na hospitali. Mwaka 2020 ukarudia. Wengi wakalaumu barafu inayoyeyuka, lakini iliyoleta balaa ni mvua, na mwaka mmoja kabla ya gharika ya kwanza moto ulikuwa umeunguza sehemu ya bonde la juu, miteremko ikabaki wazi. Sasa fungua ramani ya kawaida ya eneo hilo. Kontua zake zinamtosha anayetafuta njia ya kileleni. Hazimwambii mwenye nyumba kama ukingo nyuma ya jiko lake umeinuka mita mbili au tano juu ya maji, na pengine uhai wake uko katika hizo mita tatu.

Kisingizio cha mawingu kimekwisha: rada za satelaiti hupenya, na droni hupita chini yake. Kinachobaki ni mpaka. Uganda na Kongo zimegawana mlima kileleni, kila upande una karatasi zake, ilhali karibu maji yote huishia mto Semliki. Wapimaji wa Kampala na Kinshasa wakae meza moja, wawachukue Wakonzo, wenyeji wa pande zote mbili, wanaojua mto ulipita wapi kabla ya kuhama, kila mkondo uandikiwe tarehe uliyopimwa, na kazi ianzie Kilembe. Margherita inaweza kusubiri.