Ruta haijafa, imesimama ROMMON

Testi zimeisha, leo nina langu la moyoni.

Kwenye pindi za mtandao tunapigwa OSPF, VLAN na NAT mpaka tunaziota usiku. Ikifika ROMMON, slaidi moja, halafu "hii mtajisomea wenyewe". Mimi nasema hiyo ndiyo ingeanza, hasa kwa sisi tutakaorudi mikoani.

Kwa asiyeijua, ROMMON ni kiprogramu kidogo kwenye ruta za Cisco kinachoamka kabla ya IOS. IOS ikiharibika, ruta inaganda hapo na kukuandikia rommon 1 >, basi. Kuiingia kwa mbali kupitia SSH sahau. Lazima mtu awe mbele yake na kebo ya konsoli.

Sasa chukua kwetu Makongolosi, kule Chunya kwenye dhahabu. Lami siku hizi ipo, lakini kutoka Mbeya mjini bado ni zaidi ya kilomita 100. Likizo iliyopita ofisi moja pale ilikaa siku mbili bila mtandao ikisubiri fundi. Umeme ulikatika mtu akiwa anabadilisha IOS: faili la zamani limeshafutwa kwenye flashi, jipya halijafika hata nusu. Walishaanza kuulizia bei ya ruta nyingine! Fundi kaja, kachomeka laptop, kajaza IP_ADDRESS, IP_SUBNET_MASK, DEFAULT_GATEWAY, TFTP_SERVER na TFTP_FILE (herufi kubwa zote, usifanye mzaha), kapiga tftpdnld. Nusu saa, watu wanasoma barua pepe.

Kuna atakayesema si xmodem ipo. Ipo, ila piga hesabu. Konsoli ya 9600 inapitisha baiti kama 960 kwa sekunde, kwa hiyo IOS ya MB 30 inakula zaidi ya saa 8. Umeme gani wa kwetu utakuvumilia hivyo? Ukipandisha spidi mpaka 115200 kwa confreg, unamaliza kwa kama saa moja. Slaidi haikwambii hayo.

Na nywila zilizosahaulika je? confreg 0x2142, kisha reset, ruta inawaka bila kusoma startup-config, unaingia. Wengi wanaishia hapo, hawarudishi 0x2102. Siku umeme ukikatika ruta inaamka haijui hata jina lake, lawama zinaenda kwa umeme.

Wanasema Packet Tracer inatosha. confreg unaijaribu mle, sawa. Lakini haikufundishi kutafuta Break kwenye laptop isiyo na kitufe hicho (kwenye PuTTY iko menyu ya Special Command), wala kuhangaika na kebo ya USB ambayo draiva yake inagoma.

Eti tutaharibu vifaa. Jamani, ROMMON haikai kwenye flashi moja na IOS. Mwanafunzi akifuta flashi yote, njia ya kurudi bado ipo, na kurudi huko ndiko tunakotaka kujifunza. Toeni zile 1841 zilizostaafu, mhadhiri afute flashi, ampe kila mmoja kebo, laptop na saa moja. Atakayeipandisha apewe maksi zake.

Nipo maktaba mpaka saa mbili usiku. Mwenye kebo ya konsoli ya kuazima anistue.